Mjukuu Wangu Ananiona Kwenye Picha ya Hukumu

Ndugu msimamizi wa ukurasa, jina langu libaki kwako. Mimi ni mzee wa miaka sabini na mmoja, mzaliwa wa Uvira, Kongo. Nilikuwa mwalimu wa historia kabla vita havijatutoa. Hapa Johannesburg nimelinda mageti ya watu mpaka magoti yakakataa, na sasa naishi Berea kwa binti yangu, ambaye anasuka nywele karibu na Joubert Park. Kazi yangu imebaki kumpeleka mjukuu wangu shuleni na kumrudisha. Ana miaka sita. Kiswahili anakisikia, lakini anajibu kwa Kiingereza, na mimi ananiita Mkhulu, kama watoto wa Kizulu wanavyowaita babu zao.

Sebuleni kwetu kuna picha ya siku ya hukumu. Marehemu mke wangu alikuwa katekista, akiitumia picha hiyo kufundishia watoto. Tulipokimbia aliikunja ndani ya kitenge, akaacha sufuria. Alifia njiani, Zambia, na yeye mwenyewe hatuna picha yake hata moja. Kwa hiyo binti yangu, kila asubuhi kabla ya kwenda saluni, anaigusa ile fremu. Kwake picha ile ndiyo mama yake.

Juu ya mawingu ameketi Mungu, mzee wa Kizungu mwenye ndevu nyeupe. Malaika wake wote ni Wazungu pia. Chini, kwenye moto, yuko shetani: mweusi tii, kipara, mgongo umepinda, ameshika uma mrefu. Nimeishi na picha hiyo miaka mingi bila kuitazama sawasawa. Mimi ni mweusi sana, nina kipara, mgongo wangu umepinda, na natembea na fimbo.

Desturi yetu, baada ya sala ya jioni mkubwa wa nyumba humwekea mtoto mkono kichwani na kumbariki. Nimefanya hivyo tangu alipokuwa mchanga. Jioni moja aliinama, akanikwepa, akajificha nyuma ya mama yake. Tulicheka. Kesho yake ikawa vilevile. Nikamwuliza tukiwa njiani kutoka shule. Akaitazama fimbo yangu.

"Mkhulu, wewe utakaa kule chini?"

"Chini wapi?"

"Kwenye moto. Juu kwa Mungu hakuna mtu kama wewe."

Tulikuwa kwenye roboti, taa za barabarani. Taa ikawa kijani, ikawa nyekundu tena, bado nimesimama. Nikamweleza kwamba mchoraji alikuwa mtu wa Ulaya, akachora watu aliowajua, na mtu mbaya akamfananisha na watu asiowajua. Nikamwambia hakuna aliyemwona Mungu akamchora. Alinisikiliza vizuri, kisha akauliza, "Kama si kweli, kwa nini Nyanya aliibeba alipokimbia?"

Fundi cherehani wa ghorofa ya chini, Mtanzania, nilipomsimulia aliniambia, "Mzee wangu, leta chaki tumpake huyo shetani, naye aonje kuwa Mzungu." Nilicheka mpaka nikakohoa.

Kicheko kiliisha Jumapili. Mama mmoja wa kikundi cha maombi alitutembelea, akaona mtoto anavyonikwepa. Nilikuwa jikoni, nikamsikia akimwambia binti yangu kwa sauti ya chini, "Watoto wanaona rohoni, dada. Usimlazimishe. Muulize anaona nini kwa huyu mzee."

Waliotoka kwetu wanaelewa maneno hayo. Alikuwa anasema mimi ni mchawi.

"Ni papa yangu," binti yangu akajibu. Lakini jioni ile alilitoa godoro la mtoto chumbani kwangu, akalihamishia kwake.

Nikamwomba, "Mwanangu, tuiweke ile picha kabatini kwanza, mtoto akue."

"Papa, unaogopa picha ya Mungu?" Aliuliza polepole, kama mtu anayeomba akanushiwe.

"Naogopa inachomfundisha mtoto."

"Mama alituombea mbele yake. Leo ndiyo imekuwa mbaya?"

Mikono iliyoikunja picha ile hata mimi naikumbuka. Nikiitoa ukutani, watasema mchawi hastahimili uso wa Mungu. Nikiiacha, mtoto anazidi kujifunza kwamba rangi ya babu yake ni rangi ya motoni, na siku moja atatazama mkono wake mwenyewe. Nikihama, kwanza sina pa kwenda, halafu watasema nimekimbia maombi.

Jana barabarani magari yalikuwa mengi, akanishika mkono mwenyewe. Moyo wangu ukafurahi mpaka tukafika ng'ambo. Hapo akauachia, akafuta kiganja chake kwenye sketi.

Ijumaa kikundi kinakuja kuombea nyumba. Wamesema mimi niketi chini ya picha, mtoto asimame mbele yangu, aulizwe mbele ya watu wote anamwona nani. Binti yangu amekubali. Anasema nikiwa sina kitu, sina cha kuogopa. Tatizo ni kwamba namjua mjukuu wangu. Hasemi uongo.

Ninyi mlioletwa ugenini na vita, mkazaa na kupata wajukuu huku, nishaurini kabla ya Ijumaa. Nimfundishe mtoto wa miaka sita kudanganya kwenye sala, au niketi pale, chini ya kumbukumbu ya mke wangu, nisubiri ajibu?