Namba Aliyoniachia Koku

Kuna Jumapili moja ya msimu wa kahawa ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa siku hizi hata miwani sikumbuki nimeiweka wapi. Tulikuwa tumetoka kanisani, kule Izimbya. Koku, msichana tuliyeshindana naye kwa hesabu sekondari, alinisindikiza hadi penye migomba yetu. Nikajikaza, nikamwambia nataka kutuma mshenga kwa baba yake.

Aliokota kijiti, akaandika kwenye udongo: 10007.

"Angalia kama kuna namba inayoigawa hii bila baki, ukiacha moja na yenyewe," akasema. "Ukishajua, mshenga aje."

Nikaanza siku ileile. Wenzangu wanaanua kahawa, mimi nagawanya. Kwa tatu inabaki mbili, kwa saba inabaki nne. Nikapita mia, nikapita mia mbili, na kila mara nilijiambia jibu liko mbele kidogo. Baba mdogo, ambaye ndiye angekuwa mshenga wangu, alikuwa ameshaandaa rubisi, pombe yetu ya ndizi.

"Wewe, rubisi itageuka siki!" akanikaripia. "Unangoja nini?"

Nikamwambia bado kidogo. Nilikuwa nimevuka mia tatu niliposikia kwamba watu wa Muleba wamepeleka rubisi yao kwa baba yake Koku, na imenywewa. Ikishanywewa, binti ameshatolewa.

Juzi juzi tumekutana msibani Muleba, sote tuna mvi. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Uliishia ngapi?"

"Mia tatu na zaidi."

Akanijibu, "Ungeishia mia, waitu, mwenzangu. Namba ikigawanyika, inagawanyika kwa namba mbili. Zote mbili zikizidi mia, ukizizidisha unaipita 10007. Kwa hiyo moja lazima iwe ndogo. Ukifika mia hujaiona, basi haipo. Ile ni namba tasa, haigawanyiki. Hilo ndilo lilikuwa jibu." Kisha akasema, "Nilikungoja."

Nilirudi Kibeta kwa bodaboda nikiwa sioni barabara. Marehemu mke wangu nilimpenda, sisemi uongo. Lakini kila kahawa inapoanikwa namtamani Koku, na uzee haujanisaidia chochote.

Sasa wewe. Unaniambia kuna binti wa Kashai, lakini bado unachunguza: mara ukoo wao, mara wao Walutheri sisi Wakatoliki, mara kiwanja hujapata. Chunguza, mwanangu, si vibaya. Ila kila uchunguzi una mahali pa kukomea. Ukifika hapo na kasoro hujaiona, usiendelee kuitafuta. Hiyo si busara tena, ni woga umevaa miwani. Na anayekungoja naye ana moyo, nao unachoka.

Nenda wiki hii. Mungu akupe miguu ya kwenda, na ukipiga hodi, binti mwenyewe ndiye akufungulie.