Mkono Uliotawadha

Zuhura, mke wangu, alifariki Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa kumi, mwaka juzi, hapa Ipuli. Lakini siku ninayoikumbuka zaidi, mwanangu, ilitangulia kifo hicho kwa wiki mbili.

Nilikuwa nimeswali Ijumaa, nikarudi uani kukamua masega yaliyotoka msituni Ipole, maana kazi yangu ni asali. Akaingia Salma, binti wa mdogo wangu, na kifaa chake cha kupima sukari mwilini. Alisomea kemia, na kwa miezi mingi alijifungia chumbani akikiunda. Unadondosha tone la damu kwenye kijiti chembamba. Sukari iliyomo huzaa umeme kidogo sana, kifaa huupima na kutoa namba. Alisema vijiti vya kuagizwa huishia mjini. Vyake vitafika hata vijiji vya mbali kama Tura.

Sikumwamini. Darasa la saba nililoishia halikunifunza umeme wa damu. Nilijiuliza, binti huyu damu za watu anazitakia nini? Majina yao anayaandika daftarini kwa ajili ya nani?

"Shikamoo, baba mkubwa. Nimekuja kumpima mama mkubwa. Anakunywa maji mno, na anakonda."

"Marahaba. Mwezi wa kumi nani hanywi maji? Anza na mimi, tuone."

"Basi nawa mikono kwanza."

"Mtu katawadha, katoka kuswali, unamwita mchafu?"

Zuhura akacheka kutoka jikoni. "Mletee sabuni, Salma! Huyo nyuki wanamfuata mpaka msikitini."

Nilikataa. Nikajifuta kwa kitambaa, nikatoa kidole cha mkono wa kulia. Namba ikapanda hata Salma akashtuka. Nikampa cha kushoto, ambacho hakikugusa sega. Namba ya kawaida.

"Mtu mmoja, damu mbili?" nikamwambia. "Kifaa chako kinasema uongo."

"Ni asali, baba mkubwa. Nawa, turudie."

Sikunawa. Shaka yangu ilikuwa imepata ushahidi, nami nikaupenda ushahidi ule kama mali. Zuhura akatoka jikoni akisema, "Kidole ni changu, acha nipimwe." Nikamkataza mbele ya Salma. Akarudi kwenye chungu chake. Jioni nikaenda barazani kuwaonya wenzangu wasitoe damu yao.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Zuhura hakuficha, nilimfichia mimi. Siku ya kumi na mbili aliamka anahema, hanijui jina. Hospitali walimpima, sukari ilikuwa juu mno. Akaishi siku mbili. Daktari hakuniambia kwamba angepona kama tungewahi, nami sitamsingizia. Hakuniambia pia kwamba asingepona.

Sisi wazee tunawaambia vijana, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nyumbani kwangu walisikia la mkuu.

Mwanangu, sikuambii uache kushuku. Mimi bado nashuku. Salma mwenyewe anashuku, ndiyo maana kila namba aliilinganisha na ya mashine ya hospitali, na namba ikipanda humtuma mtu huko akapimwe tena. Tofauti yetu ni kwamba yeye alianza kwa kushuku kazi ya mikono yake, mimi nikaanza na ya mwenzangu. Ukitaka kujua kama kitu ni kweli, kijaribu sawasawa, ukiwa tayari kushindwa. Na usimfunge mtu mwingine kwa shaka yako. Mwili wake ni amana yake, si yako.

Mungu akujalie moyo wa kurudia jambo pale unapodhani umekwisha kulijua, na akuzungushie watu wasiochoka na ukaidi wako.

Jana Salma alikuja. Akakiweka kifaa chake mbele yangu. Niliinuka nikachukua birika na sabuni, nikanawa mpaka viwiko, nikampa kidole cha kulia, kisha cha kushoto. Namba zilikaribiana. Akaziandika daftarini, nami nikamtajia jina langu kamili.