Mfuko Usiofumuliwa

Mtaani walimwita Mzee Wembe, na jina hilo alilipata kihalali. Alikuwa fundi cherehani wa enzi zile mtu alipopimwa akiwa amesimama wima kama yuko mbele ya hakimu, akarudi kujaribu mara mbili, na mwishowe akaja kuzikwa na suti hiyo hiyo. Siku hizi watu huchomoa nguo kwenye rundo, wakaitupia begani, wakaenda zao. Yeye alibaki na cherehani yake, vitabu alivyojisomea mwenyewe kwa kuwa shule ilimkimbia mapema, na wembe uliozungushiwa uzi upande mmoja, wa kufumulia mishono ya wengine.

Wengine hao hasa alikuwa mwanawe. Miaka minne iliyopita kijana alimaliza suti yake ya kwanza, ya bwana harusi. Mzee akaigeuza, akashika wembe, akafumua mabega yote mawili mbele ya bwana harusi mwenyewe, bila kusema neno. Ndivyo naye alivyofundishwa. Tena aliyemfundisha alikuwa akifumua huku anapiga mluzi, kwa hiyo Mzee alijiona mpole kupindukia. Kijana akaweka utepe wa kupimia mezani, akatoka, na tangu siku hiyo hajakanyaga pale.

Mchungaji alipoanzisha kikundi cha akina baba, Mzee alikwenda na daftari, akidhani ameitwa kufundisha. Kumbe alikuwa ameandikwa upande wa wagonjwa. Walikutana Jumamosi alasiri katika chumba cha watoto, wanaume wazima juu ya viti vya watoto, magoti yakikaribia ndevu. Kila baba alipewa mwenzake wa kumtia moyo na kumwombea. Yeye akapewa mwoka mikate mwenye mapacha wachanga, mtu mnene asiyeishiwa usingizi, ambaye Mzee angeweza kumzaa na bado akabaki na miaka ya kumzaa mdogo wake.

Jumamosi ya tatu kila mmoja alitakiwa kuleta kitu kilichotengenezwa na mtoto wake, akisifu bila kutia neno "lakini". Mwoka mikate alileta karatasi yenye alama za viganja viwili vya unga, akaisifu hadi machozi yakamlenga. Mzee akatandika mapajani shati jeupe ambalo mwanawe alimshonea akiwa na miaka kumi na sita. Amelitunza miaka yote hiyo, alisema, na kifua kikamjaa.

"Kola imekaa vizuri sana," mwoka mikate akasema.

"Hiyo niliirudia mimi. Ilikuwa imelalia kushoto."

Mikono je? Mikono pia aliirudia. Pindo vilevile, na vitundu vya vifungo, kimoja baada ya kingine, kila alipopata nafasi.

"Sasa mzee wangu, mtoto alishona wapi?"

Chumba kizima kilicheka, na Mzee akacheka nao kidogo, kwa adabu. Kisha akavaa miwani, akaanza kuligeuza shati. Aliligeuza kwa muda mrefu, na kicheko kikaisha. Hatimaye akaona mfuko wa kifuani. Ulikuwa umeinamia upande kama mlevi, kwa mshono usio wake. Sijui aliusahau vipi.

Mwoka mikate akamwambia ampigie kijana sasa hivi. Mzee akasema huenda yuko kazini. Akaambiwa kiwanda cha nguo anakoshona hufungwa Jumamosi mchana. Akasema macho hayaoni namba. Wakamsomea.

"Shikamoo, baba," sauti ikasema. "Kuna msiba?"

"Marahaba. Hakuna msiba. Nina shati lako hapa. Huu mfuko umeushona..."

Ile "lakini" ilikuwa imeshafika kwenye meno. Mwoka mikate alimkazia macho, kwa mara ya kwanza bila usingizi.

"Umeushona wewe," Mzee akamalizia. "Sijaugusa."



"Ule umepinda, baba."

"Naona."

"Na hujaufumua?"

"Sijaufumua."

"Uache hivyo hivyo," kijana akasema. "Kesho Jumapili nitapita niuone."

Walipofunga kwa sala, Mzee alitoa wembe mfukoni, akamkabidhi mwoka mikate amtunzie hadi Jumapili ipite. Alikuwa anajijua.