Geji ya Mama Honi

Mama Honi alikuwa na lori kuukuu na watoto watatu, na kati ya wote hao ni lori peke yake lililokuwa halimwambii apumzike. Alianza kubeba mizigo nywele zake zikiwa bado nyeusi tii, na jina hilo alipewa na madereva wenzake kwa kuwa hajawahi kumpisha mtu kimyakimya.

Basi, taa ya oili ikaanza kuwaka kwenye dashibodi. Kifungua mimba wake, mwenye duka la vigae, alikuwa kama anaisubiri.

"Mama, injini imekwisha. Tuliuze chuma chakavu, ukae nyumbani na wajukuu."

"Taa inajua kuwaka na kuzima tu, haijui kupima," mama akajibu. "Nafunga geji, ile saa ya mshale ya kupima presha ya oili. Geji ikisema presha hakuna, ufunguo nakukabidhi mwenyewe, na barabarani hunioni tena."

Kijana akakubali upesi mno, mpaka mama yake ikamuuma.

Jumamosi wakakutana gereji. Fundi wa pale alikuwa fundi bomba kabla hajahamia kwenye magari, na kazi yake ni safi, tusimsingizie. Alishatoa swichi ya taa ubavuni mwa injini, akafunga palepale sensa ya geji, kile kifaa kinachohisi presha, akapitisha waya hadi kwenye dashibodi na kukaza geji yenyewe kando ya usukani. Mama Honi akapiga stata, injini ikaitika.

Mshale haukutikisika. Sifuri.

Akazima haraka, maana si mjinga. Mwanawe akanyoosha mkono apewe ufunguo. Hakucheka. Alikuwa na huruma usoni, na huruma hiyo ndiyo iliyompandisha mama hasira. Yaani ahurumiwe na mtu aliyemsomesha kwa usukani huohuo!

"Mama, ulisema mwenyewe."

"Nilisema geji ikisema. Hii haijasema kitu, imenuna. Injini isiyo na oili inapiga kelele kama sufuria zilizomwagwa sakafuni. Wewe umesikia sufuria?"

"Unatafuta visingizio."

"Natafuta, ndiyo. Fundi, hebu fungua hiyo sensa niione."

Fundi akaifungua. Nyuzi zake zote za kukazia zilikuwa zimeviringishwa tepu nyeupe, ile ya kuzibia mabomba, tabaka juu ya tabaka kama kidole kilichofungwa bendeji.

"Isivuje," fundi akaeleza, tena kwa fahari.

"Wewe mtu, hili ni bomba la bafuni? Sensa ina waya mmoja tu, umeme wake unarudi kupitia chuma cha injini. Umeivalisha soksi, urudi vipi?"

Fundi akajikuna kisogo, akasema ni mazoea. Mama Honi akaibandua tepu yote kwa kucha zake, akairudisha sensa chuma kwa chuma, akaikaza mwenyewe. Akapanda, akapiga stata tena.

Mshale ukanyanyuka. Wakasubiri injini ipate moto, maana oili ya baridi ni nzito, presha yake humdanganya yeyote. Mshale ukashuka, ukashuka tena, kisha ukatulia juu kidogo ya alama nyekundu.

"Iko chini," mwanawe akasema.

"Iko chini, imezeeka. Lakini ipo."

"Na wewe je, mama? Naogopa. Kila simu ikiita naogopa ni habari zako."

Mama Honi akamtazama kutoka juu ya kiti. Hilo hakulitegemea, na lilimchoma. Lakini mkono wake haukutoka kwenye usukani.

"Ogopa, mwanangu. Mimi niliogopa miaka yote uliyokuwa unapanda pikipiki, na sikukuuza chuma chakavu. Sasa kanifungulie geti."

Kijana akajifuta uso kwa mkono wa shati, kisha akaenda kufungua geti.