Kipimo Ambacho Sikukihitaji

Nilikwenda Kabambare kumchukua mama nimlete kwa daktari mjini Kasongo. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na sanamu nitajikuta najitetea, nami sina utetezi. Pumzi ilikuwa ikimkatika akitoka jikoni hadi mlangoni, na daktari aliyenisikiliza kwa simu alisema ni moyo, mlete upesi, bado unatibika. Mama alikuwa amekataa kwa majuma matatu. Barabara ni mbaya, pikipiki itamvunja mifupa, kuku atamwachia nani. Mwishowe akakubali. Nilipofika saa sita za mchana, alikuwa amekwisha kufunga nguo zake katika kitenge, na mdogo wake, mama mdogo wangu aliyekuwa akimuuguza, akanionyesha lile furushi huku anacheka kwa furaha. Tungeondoka kesho yake asubuhi, dereva wa pikipiki akishabadilisha gurudumu.

Mimi ni seremala. Kwa miaka mingi nimetengeneza vitanda, milango na, kuliko vyote, majeneza. Kisha mfanyabiashara mmoja wa Kasongo akaleta mashine ndogo ya leza ya kukatia mihuri na vibao vya milango, na nilipoiona ikikata mbao kwa mwanga, nikaishiwa akili. Nilijifunza kuchora kwenye kompyuta. Nilichora watu waliootwa na uyoga mwilini: sikio lililokunjamana kama uyoga wa gogo, shingo yenye mifereji kama ile iliyo chini ya kofia ya uyoga. Kompyuta inaukata mwili huo vipande vyembamba, kama mkate, leza inakikata kila kipande kwenye ubao mwembamba wa tripleksi, nami navipanga kimoja juu ya kingine kwa gundi hadi mtu asimame. Mchungaji wetu aliniuliza kama huo si uchawi. Nilimcheka. Wakati ule nilikuwa nacheka sana.

Uyoga nilifundishwa na mama. Nilipokuwa mdogo nilimfuata porini upande wa Lusangi baada ya mvua, ananionyesha wa kula na wa kuua, na nikiokota wa kuua ananichapa mkono kwanza ndipo aeleze. Kwa hiyo sanamu kubwa niliyoitaka maishani mwangu ilikuwa yake: kichwa na mabega tu, basi, na uyoga ukimtoka shingoni. Picha zake nilikuwa nazo, uso ulikuwa umekubali kwenye kompyuta. Mabega ndiyo yalikuwa ya uongo. Picha haikuambii mtu ana sentimita ngapi.

Mchana ule alilala kitandani chali, mdomo umefunguka kidogo. Futi yangu ya kupimia ilikuwa imebaki Kasongo. Nilikuwa na kamba niliyofungia sponji ya kumkalishia kwenye pikipiki. Nikasema moyoni, ni mabega tu, dakika moja, hata hataamka.

Lakini mikono haikuniuliza. Nilishika ncha ya kamba utosini, nikaivuta hadi kisiginoni, nikafunga fundo. Kisha bega hadi bega, fundo la pili. Hakuna mtu wa kwetu asiyeijua kamba hiyo. Fundi akiitwa kwenye msiba anaingia na kamba, anapima urefu wa maiti, fundo, anapima mabega, fundo, anatoka nayo bila kuaga mtu. Aliye hai hapimwi amelala. Hata fundi cherehani anakupima umesimama, tena anakutania. Nilijua yote hayo, nimeyafanya katika nyumba ngapi sijui. Na urefu sikuuhitaji. Sanamu yangu ilikuwa inaishia kifuani.

Nilipokuwa nakaza fundo la pili niliona macho ya mama yamefunguka. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anaitazama kamba, na sijui alikuwa ameanza lini.

Mama mdogo akaingia na kikombe cha uji.

"Yesu wangu! Unamupima? Mama yako iko muzima, na weye unamupima?"

"Hapana, mama mudogo. Ni ya kazi. Ya mu ordinatere."

"Kazi gani? Kazi yako siye tunaijua!"

Nikafanya upumbavu wa pili. Nilifungua hiyo ordinatere, kompyuta yangu ya mkononi, nikaiweka mbele ya mama, nikaigeuza ile sura kwa kidole ili aone na kisogo. Uso wake mwenyewe, na uyoga umemjaa shingoni. Aliangalia kwa muda mrefu.

"Ni weye, mama," nilisema. "Nilikutengeneza sababu ya ile buyoga tulikuwa tunatafuta."

"Buyoga inaota mu muti yenye imekwisha kufa," alijibu polepole. "Ni miye nilikufundisha ile."

"Ingine inaota mu kichuguu, mama. Na kichuguu iko na uzima ndani."

Akatabasamu, vile alivyokuwa akitabasamu nikimdanganya nilipokuwa mtoto. Kisha akageukia ukutani.

Na bado, nitaandika na hili, kabla jua halijazama nilikaa nyuma ya nyumba na ile kamba. Shubiri yangu ni sentimita ishirini na mbili, naijua tangu ujana. Nikapima kamba kwa shubiri na vidole, nikaingiza tarakimu kwenye kompyuta, zote mbili. Mabega yakakaa sawasawa. Nilifurahi. Mama yangu amegeukia ukuta, na mimi nimefurahi.

Asubuhi dereva alipopiga honi, furushi lilikuwa limefunguliwa. Kitenge kimoja alikuwa amempa mdogo wake, kingine jirani. Mama aliniita baba, kama alivyoniita siku zote kwa kuwa nina jina la baba yake.

"Baba, miye siendi. Weye ni fundi. Umeona watu wengi. Kama umenipima, ni kwamba umekwisha kuona."

Nilipiga magoti. Nililia mbele ya dereva bila haya. Nikaikata kamba kwa panga vipande vipande, nikaitupa motoni ili aione inaungua.

"Namba si iko mu kichwa yako?" aliuliza.

Alinishika shavu, akaniambia nisiendeshe vibaya njiani, kana kwamba mimi ndiye ningeendesha.

Nilirudi Kasongo na sponji tupu kati yangu na dereva. Nikajiambia nitamaliza sanamu, nitaisugua hadi ing'ae, nitampelekea. Akiiona, akiishika, ataelewa nilikuwa nafanya kitu kizuri, ndipo atakubali kuja. Lilikuwa tumaini la mjinga, lakini sikuwa na jingine. Kila siku nilikuwa dukani mwa yule mfanyabiashara, jenereta inanguruma uani, moshi wa gundi na mbao unanichoma macho. Kila siku nilipiga simu Kabambare. Mama hakuja kwenye simu. Vidonge nilivyotuma kwa pikipiki vilikuwa juu ya kabati, havijafunguliwa.

"Anasema dawa ni ya wenye watabaki," mama mdogo aliniambia. Tangu kamba ile hakuwa akiniita mwanangu.

Simu iliingia asubuhi moja, namba nisiyoijua. Alikuwa seremala wa kule Kabambare, mtu ninayemfahamu kwa sura. Alinipa pole. Ndivyo nilivyopata habari. Alidhani nimekwisha kuambiwa. Nilisikia watu wanalia nyuma yake.

"Fundi, unisamehe," alisema. "Mama mudogo anakataa tumuguse na kamba mara ya pili. Anasema vipimo iko na weye."

Nyuma yangu mashine ilikuwa ikikata tabaka la mabega. Nilimwambia mita moja na sentimita hamsini na mbili. Mabega, thelathini na tisa. Akazirudia ili ahakikishe, kama tunavyofanya sisi mafundi. Nikamwambia ndiyo, ni hizo, na aongeze vidole viwili kila upande kwa ajili ya blanketi.