Mugongo wa Baba Kitenge

Watu wa Kindu wakimutaja Baba Kitenge wanasema alikuwa mubishi. Wacha waseme. Mimi nilikaa ndani ya mutumbwi wake usiku mumoja, wakati wa vita, wazungu walipokuwa wakidai mupira, ule utomvu wa miti ya porini, katika kila kijiji, na ninajua alikuwa muntu wa namna gani.

Alikuwa Mugenya mwembamba, wa kabila la wavuvi wa muto, meno ya mbele yamekwisha, mwenye kuchokoza kila aliyemuvusha. Lakini jambo moja hakulifanyia mchezo. Penye viboko majini aligonga ubavu wa mutumbwi kwa kafi, ko, ko, ko, ili wamusikie na kumupisha. Kiboko asiyejua kama unakuja anainuka chini yako. Ndugu zake wawili walikufa hivyo, walipita kimya.

Bwana yangu Onema alikimbia kazi ya mupira. Kilo zake hazikutimia, jina lake likaandikwa, polisi wakawa wanamutafuta. Shangazi yake alikaa kule muto unakoshukia, upande wetu uleule, ila barabara yote ilipita mbele ya polisi wa bandari. Nikaenda kwa Baba Kitenge. Alininung'unikia weee, eti namuletea matata mlangoni, na mutumbwi umekatazwa kutembea usiku. Kisha akauliza tuko wangapi.

Tulitoka mbele ya mwezi kutoka. Tulishuka tukifuata ukingo, majani yakitupiga usoni, maana katikati ya muto Lualaba maji yanang'aa hata kwa nyota na mutumbwi unaonekana. Onema alilala chini ya mukeka. Nilimuombea kwa Mungu, na papo hapo nilimukasirikia: kwa nini hakutimiza kilo zake kama wengine?

Tukapita taa ya bandari. Hakuna aliyeita. Nikaanza kupumua, na hapo nikasikia viboko wanakoroma mbele yetu, karibu kabisa.

Baba Kitenge akainua kafi. Maji yalikuwa yanatubeba yenyewe, na kurudi nyuma na uzito wetu sisi watatu, muntu mumoja hawezi. Akigonga, polisi anasikia. Asipogonga, tunawaingilia. Onema akatoa kichwa, akanong'ona asigonge, afazali kiboko kuliko kufungwa boloko. Baba Kitenge akanigeukia. Aliniuliza mimi.

"Mama Euphrasie, unajua kuogelea?"

"Hapana, baba."

"Basi nagonga."

Akagonga. Maji yalitingishika, migongo mikubwa ikasogea pembeni, tukapita. Nyuma yetu taa ikainuliwa, sauti ikauliza ni nani. Baba Kitenge akatusukuma kwenye matete ya ukingo, akasema tutembee, tusikimbie. Kisha akageuza mutumbwi uliokuwa mwepesi sasa, akapiga kafi kurudi kwenye taa ile.

"Ni mimi, Kitenge," nilimusikia akiita. "Niko peke yangu."

Alipigwa fimbo asubuhi yake mbele ya watu, akafungwa miezi mitatu. Hakutaja jina la muntu.

Sisi tulifika kwa shangazi alfajiri. Siku ya nane polisi wakaja, walimukuta Onema anachonga mupini wa jembe. Walimupeleka porini, kwenye mupira. Alikufa kwa homa huko huko. Kaburi lake sijaliona hata leo.

Baba Kitenge alipotoka boloko nilimupelekea kuku. Nilimukuta amekaa mlangoni, hawezi kuegemea ukuta. Akaniuliza kama tulifika. Nikasema tulifika.

"Na Onema?"

Nilikuwa nimekuja kumuambia. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno. Nikamuangalia vile alivyokaa, nikasema Onema iko, analima muhogo, anamusalimia sana.

Baba Kitenge akacheka kwa kinywa kile kisicho na meno. Akavuta shati juu, akanigeuzia mugongo nione makovu, bila haya, kama muntu anayeonyesha shamba lake.

"Ona, mama," akasema. "Haikuwa bure."

Nikasema ndiyo, baba, haikuwa bure.