Bon yetu ya chakula niliiona mikononi mwa mwanamuke mwingine

Jambo ba ndugu na ba dada ba hii page. Muko wazima? Batoto balilala muzuri? Sisi huku Beni tungali tunapumua kwa neema ya Mungu. Admin, unifichie jina, juu hata majirani yangu banasoma hapa.

Niko mama wa miaka makumi ine na nane, mukristu wa ndoa ya kanisa. Vita ilituondosha Eringeti, mimi na bwana yangu na batoto betu bane, bote basichana. Sasa tunapanga huku Beu, mutaa moja ya Beni. Kazi yangu ilibakia kuwinda ma-bon, zile kuponi banapatia bakimbizi bachukue unga, maharagi na mafuta bila kulipa pesa. Misa ikiisha tu, naanza kuuliza: banaandikisha wapi? Majirani bananiita "Mama Bon". Bacheke tu, ni ma-bon ilifanya nisiuzishe sufuria zangu.

Ile ya mwisho niliipata kisha kushinda mu mvua. Nikaifunga ndani ya kipande ya kitenge changu cha manjano isilowane, nikapatia bwana aichunge. Siku ya kuchukua chakula anashika kichwa: "Mama, bon ilianguka mu njia ya Kirumba!" Ni kule anafanyaka biashara ya maharagi. Sikumugombeza. Nikasema niende tu, pengine batanihurumia.

Kwa mustari, mwanamuke mwenye kuwa mbele yangu anafungua kitenge cha manjano, changu, anatosha bon ndani yake. Mutoto analia kwa mugongo yake. Anamubembeleza: "Kasereka, nyamaza. Papa alitutumia chakula, si unaona?"

Kasereka! Banande benzangu, munajua. Kwetu mama akizaa kijana wa kwanza ni Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka. Sikuwa tena na cha kuuliza. Nikatoka kwa mustari, nikarudi. Donc, basi, miaka yote bwana alikuwa ananishika mukono, "Usilie mama, vijana ni Mungu anapana," kumbe alishapewa batatu!

Nyumbani nilimuuliza bwana, hakukana. Aliinama, kisha akasema bila haya:

"Mama ya batoto, si banaandikisha tena wiki ijayo? Tubaweke bale batoto na mama yao kwa nyumba yetu. Famille ikikuwa kubwa, bon nayo inakuwa kubwa."

"Ah bon, kweli? Mimi niwinde, wewe upeleke nyama kwingine?"



Tangu siku ile nikisali rozari, nikifika pa "utusamehe", naishia pale. Wiki ijayo pale parokia ni mimi bataniuliza: mama, nyumba yenu iko na batu bangapi? Nikisema sita, sisi peke yetu, bale batoto batalala njaa, na njaa ya mukimbizi naijua. Si bao balinikosea. Nikisema kumi, nimepokea muke mwenza kwa kinywa changu, mbele ya parokia nzima.

Nishaurini wapendwa, niseme bangapi? Tafazali munijibu mbio, mbele ya ile siku.